Naombeni ushauri: safari ya baharini ya polepole na mama

Wakuu, habari zenu. Mama yangu amestaafu ualimu na nataka nimpe siku chache za kupumzika baharini. Boti ya mwendo kasi ya Zanzibar siitaki: unapanda, unakaa kwenye kiyoyozi, baada ya kama saa mbili umefika. Nataka aione pwani ikipita taratibu, jahazi limetweka tanga, chai ya tangawizi mkononi, hakuna wa kumharakisha.

Nimefikiria visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapa Dar, lakini ni karibu mno, safari inaisha kabla mtu hajatulia. Kinachonivuta ni kusini: mikoko ya delta ya Rufiji, Mafia, hadi Kilwa Kisiwani akayaone magofu ya msikiti mkuu (alifundisha historia miaka yote na huko hajawahi kufika). Boti za Nyamisati kwenda Mafia nazijua, ila hizo ni za usafiri tu.

Wasiwasi wangu ni bahari. Miezi ya Juni hadi Agosti kusi inavuma kwa nguvu, na sisi tungekuwa tunaikabili. Mama hata daladala ikiyumba anapata kichefuchefu, na magoti hayamruhusu kupanda chombo akiwa ndani ya maji.

Je, nisubiri kaskazi, Desemba hadi Februari? Kuna mwenye kumjua nahodha makini, mwenye chombo chenye injini, choo, kivuli na jaketi za kuokolea za kutosha? Na kulala chomboni, mzee ataweza, au bora tushuke nchi kavu kila jioni?