Mtu mzima na mvi zake anafunikia migebuka kwa transkripti yangu!!!

Mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la vichekesho. Mimi sicheki.

Wakuu, mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnisamehe. Hili limetokea leo mchana, hapa hapa Kigoma, Mwandiga, na sahani bado hazijaoshwa.

Yule mzee mnamjua. Simtaji. Watu wa mwisho wa reli wote mnamjua, yule ambaye sufuria likigongwa Ujiji yeye yuko Mwanga ameshanawa mikono. Kuchangia hachangii, ila kwenye kula hajawahi kuwa wa pili. Reli imefika mji huu 1914, kwake yeye adabu bado iko njiani, labda imekwama Uvinza.

Nimemaliza chuo mwaka huu. Chuo cha umma, ualimu wa fizikia na hesabu, GPA, yaani wastani wa alama, 4.6. Kwa wasiojua, daraja la kwanza linaanzia 4.4, na 5 ndiyo mwisho wa dunia. Miaka mitatu sijagusa sapu, mtihani wa marudio. Kozi moja tu ndiyo ilinitia doa, stadi za mawasiliano, B, na yule mhadhiri naye ana uzi wake, siku yake inakuja. Nimekesha maktaba mpaka mlinzi akawa ananiuliza hali ya mama nyumbani. Bumu, hela ya mkopo wa chuo, likichelewa nilikuwa nakula chapati moja kwa awamu, kama mkopo wenyewe.

Basi mama akasema mtoto asomewe dua na watu wale. Tukasoma, tukaitikia. Mjomba akaomba transkripti, ile karatasi ya matokeo yangu yote ya chuo, ipite mkono kwa mkono watu waione. Bibi yangu, ambaye kusoma hajui, aliishika kwa ncha za vidole, akainusa, akasema inanukia mshahara. Ikaendelea. Ikafika kwake.

Yeye alishaanza kula. Wali, samaki wawili, migebuka ya mawese, mchuzi mwekundu umeshika vidole mpaka kwenye pete. Simu ikalia. Nzi wakatua. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Wakuu, pale mkekani kulikuwa na kawa. KAWA. Limesukwa na mikono ya watu kwa kazi hiyo hiyo, liko hatua moja kutoka gotini kwake. Akalitazama, akaliacha. Akachukua miaka mitatu ya maisha yangu, akaifunika juu ya migebuka, akaigandamiza kidogo kwa dole gumba isipeperuke, akatoka nje kuongea na simu.

Kawa lipo!!!

Nikamfuata. "Mzee, shikamoo, ile uliyofunikia chakula ni transkripti yangu." Akaniangalia kama mimi ndiye nzi. Akasema, "Kwani hujamaliza kuisoma?"

Mkeka mzima ukacheka. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. Mama yangu mzazi aliyenizaa kwa uchungu akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza.

Dole gumba lenyewe limetua wapi? Sio pembeni. Sio kwenye ile B ya stadi za mawasiliano, ambako ningemshukuru. Limetua juu ya 4.6. Nimekimbia mjini kutoa fotokopi niwahi maombi ya ajira, doa limetoka jeusi, ile 6 imejikunja imekuwa 8. Nakala inasoma 4.8. Wakili wa kuthibitisha nakala akanirudishia na muhuri wake mkononi, akasema kijana, hii mimi sigongi, nina familia.

Sasa niende polisi nikaandikishe nini? Imepotea? Haijapotea, inanukia samaki.

Hoja yangu sina. Nataka tu mjue. KAWA LILIKUWEPO.

Mvua za Masika: Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Aliporudi alimalizia samaki?

Mtoto wa Mwandiga (mleta uzi): Alimalizia. Akaifunua kwa kidole kimoja kama anafungua ukurasa, akaiweka pembeni, akaendelea. Miiba akaipanga juu yake.

Kipanga wa Gungu: Mimi nilikuwepo. Mleta uzi hasemi kwamba mjomba aliomba mara moja, yeye akaizungusha mara tatu. Raundi ya kwanza mzee aliisoma vizuri tu na akatoa hongera. Ya tatu akadhani imeletwa kwa ajili ya nzi.

Mtoto wa Mwandiga: Wewe ulikuja na watoto watano bila hata kilo ya sukari. Nyamaza.

Fundi Saa: Ngoja kwanza. 4.6 imekuwa 4.8? Huyo mzee kakupandishia GPA kwa dole gumba! Mimi wahadhiri wangu wote miaka mitatu waliishia kunishusha. Nipeni namba yake.

Chai ya Rangi: Chai hii, tena haina sukari. Picha iko wapi?

Mtoto wa Mwandiga: Nikiweka picha mtaliona jina langu.

Chai ya Rangi: Weka dole gumba juu ya jina.

Asali Mbichi: Niko Tabora, mleta uzi pole, lakini doa lako linafutika. Mimi nilimaliza na 4.38. Chuoni kwetu hawapandishi, wanakata. Cheti kikaandikwa 4.3, daraja la pili la juu. Zilibaki 0.02 niingie la kwanza. Sufuri nukta sufuri mbili! Mpaka leo nikipima asali kwenye mizani, mshale ukisimama kabla ya alama roho inaniuma upya.

Nakatwa Bado: Nyie mnalilia desimali. Mimi nilitoka na 2.4, pasi ya kuburuta, na bodi ya mikopo inanikata 15% ya mshahara sawasawa na mwenye 4.9. Kwenye kukatwa wote tuna daraja la kwanza. Na ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo, mpaka inafutwa 2021, nilikuwa nalinda thamani ya nini? Ya 2.4?

Asali Mbichi: Mkuu, wewe angalau unakatwa. Anayekatwa ana mshahara. Mimi najitolea shule ya kata mwaka wa pili, PDF za ajira zikitoka nakariri majina ya wenzangu.

Shangazi wa Kibirizi: Mwanangu, mawese yanatoka. Nyunyizia unga wa muhogo mkavu, ulale nao usiku kucha, asubuhi ukung'ute taratibu. Kisha anika juani, wekundu utafifia.

Mtoto wa Mwandiga: Ahsante shangazi. Na wino nao je?

Shangazi wa Kibirizi: Wino sijui baba, mimi nafulia kanga.

Fundi Saa: Hahahaaa, kesho tunasoma uzi mpya, "Transkripti yangu imebaki karatasi nyeupe".

Mvua za Masika: Samahani natoka nje ya mada. Migebuka inapatikana siku hizi? 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu nilihamia maharage, mpaka leo sijarudi vizuri.

Asali Mbichi: Huku Tabora tunaletewa mikavu kama rula. Ukiigonga mezani mwanafunzi anasimama.

Kipanga wa Gungu: Mikavu ni ya wagonjwa. Mgebuka unavuliwa siku ile ile, unaingia kwenye mawese ukiwa bado una maoni yake. Ile ya leo ilikuwa hivyo, nisiseme uongo.

Nakatwa Bado: Wenye dagaa mko wapi? Mnaacha migebuka itambe hivi hivi?

Shangazi wa Kibirizi: Dagaa hawahitaji kutetewa.

Mtoto wa Mwandiga: Jamani turudi kwenye transkripti. Kesho asubuhi nina wakili wa pili.

Mvua za Masika: Tunarudi mkuu, dakika moja. Hiyo migebuka alipika nani?

Mtoto wa Mwandiga: Mama.

Mvua za Masika: Aliweka bamia?

Mtoto wa Mwandiga: Nyanya chungu, na pilipili nzima haijapasuliwa.

Mvua za Masika: Shikamoo yake nyingi. Jumamosi nitakuwa Mwandiga kwa shughuli nyingine, naweza kupita?

Mtoto wa Mwandiga: Pita. Kawa lipo.