Tupeane uzoefu: kuomba ufilisi Marekani bila wakili

Mwanzisha mada
Ndugu zangu mnaoishi Marekani, nawasalimu kwa heshima. Tangu nilipofanyiwa upasuaji ninadaiwa na hospitali na kampuni za kadi za mkopo jumla ya dola 31,000, na mshahara wangu wa kuhudumia wazee unaishia kwenye kodi ya nyumba na chakula. Ninafikiria kuomba ufilisi wa Sura ya 7, yaani ule ambao mali isiyokingwa na sheria huuzwa kulipa wadai na madeni mengi yanayobaki hufutwa. Ada ya mahakama ni dola 338, lakini mawakili wawili niliowauliza wametaja malipo yao wenyewe ambayo siwezi kuyafikia. Naomba waliopitia jambo hili waeleze waliamuaje, na yapi yaliwapata.

Mchangiaji, Minnesota
Pole sana dada. Mimi nilifungua shauri mwenyewe, bila wakili, mwaka 2021. Sikuwa na nyumba, gari langu lilikuwa kuukuu, na madeni yote yalikuwa ya kadi na matibabu, kwa hiyo hapakuwa na cha kubishaniwa. Kwa kuwa kipato changu kilikuwa chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali, niliomba kusamehewa ada nikakubaliwa. Asiyesamehewa anaweza kuomba kuilipa kwa awamu. Kilichonichosha ni kukusanya kumbukumbu: hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki, na jina la kila mdai, hata yule niliyekwisha kumsahau. Baada ya mwezi hivi nilihojiwa kwa simu, chini ya kiapo, na msimamizi wa mufilisi, yaani mtu anayeteuliwa kukagua mali na madeni ya mwombaji, kwa dakika zisizofika kumi. Angalia jambo moja: kuna somo la ushauri wa madeni kabla ya kufungua shauri na jingine baadaye. Cheti cha hilo la pili nilikaribia kusahau kukiwasilisha, na bila hicho shauri hufungwa huku madeni yakibaki palepale.

Mchangiaji, Texas
Namheshimu mwenzangu, ila hali yangu ilikuwa tofauti na nashukuru sikwenda peke yangu. Nilikuwa na kiwanja Kibaha kwa jina langu, na miezi minane kabla nilikuwa nimemrudishia kaka yangu dola 4,000 alizonikopesha. Niliamini kwa dhati kwamba mambo ya nyumbani hayaihusu mahakama ya huku, kumbe fomu zinauliza mali popote ilipo duniani, pamoja na malipo kwa ndugu katika mwaka uliotangulia, ambayo msimamizi anaweza kumdai ndugu huyo ayarudishe. Ningeapa uongo bila kukusudia. Wakili wa msaada wa kisheria alinishauri nisubiri mwaka utimie, na kiwanja tukakiorodhesha kwa thamani yake halisi, kikaingia katika kiwango cha mali zinazokingwa na sheria. Fahamu pia kwamba Sura ya 7 ukishaianza huwezi kujiondoa utakavyo. Lazima jaji aridhie.

Mwanzisha mada
Nawashukuru wote wawili. Kiwanja sina, wala sijamlipa ndugu yeyote, lakini nacheza upatu na wanawake wenzangu, dola 200 kila mwezi, na zamu yangu ya kupokea bado miezi mitatu. Sikuwahi kuuhesabu kuwa mali. Wiki hii nitatafuta ofisi ya msaada wa kisheria kabla sijajaza fomu yoyote, na aliyewahi kuandika upatu katika orodha yake ya mali, tafadhali anieleze aliuandikaje.