Naomba ushauri: ziara ya mafunzo kwa wanafunzi wasioujua usanifu majengo, twende wapi na wafanye nini?

Mwalimu_Kibaha

Habari za wakati huu wanajamvi. Ninafundisha Jiografia na pia ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari ya kutwa wilayani Kibaha. Kila ninapowauliza wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wangependa kufanya kazi gani, majibu ni yale yale: daktari, mwanasheria, askari, mhandisi. Wapo wanaochora vizuri mno, na mmoja wao hujaza kurasa za nyuma za daftari la Hisabati kwa ramani za nyumba zenye milango na ngazi mahali pake, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anataka kuwa msanifu majengo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona msanifu akiwa kazini. Wanavyojua wao, nyumba hujengwa na fundi, na ramani hununuliwa mjini.

Uongozi wa shule umekubali ziara ya siku moja kwa wanafunzi wapatao 40, na wazazi wako tayari kuchangia gari la kukodi. Nilifikiria kuwapeleka Dar es Salaam: asubuhi Chuo Kikuu Ardhi, mchana maghorofa ya Posta, jioni turudi. Wasiwasi wangu ni kwamba watayatazama majengo kama watalii, na wiki inayofuata hakuna atakayeweza kueleza msanifu hufanya nini wala anatofautianaje na mhandisi au mkandarasi. Naomba mawazo ya walio katika taaluma hii, na ya walimu waliokwisha kufanya ziara za aina hii, hasa tukizingatia kwamba muda si mrefu watachagua tahasusi na wengi huchagua kwa kumfuata rafiki. Naomba kuwasilisha.

Mchora_Ramani

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi. Mimi ni msanifu majengo, na ofisini kwetu huwa tunapokea wanafunzi. Hukaa nyuma ya mtu aliyeinamia kompyuta, na baada ya nusu saa wanaanza kuangalia saa. Kazi hii haieleweki kwa kuitazama. Mpe mwanafunzi tepu, karatasi na swali, ndipo utaona macho yanafunguka.

Ningeanza na darasa lao wenyewe, wiki moja kabla ya safari. Wapime urefu, upana na kimo cha madirisha, kisha wachore kwa skeli ya 1:50, ambapo darasa la mita 9 linakuwa sentimita 18 na kuenea vizuri kwenye ukurasa. Halafu waulize kwa nini darasa fulani halikaliki saa tisa alasiri ilhali la jirani lina afueni. Wakigundua kwamba madirisha ya moja yanatazama magharibi na ya jingine yanatazama kaskazini na kusini, wameshaingia katika kazi yenyewe kabla hata gari halijafika.

Kuhusu mahali, sioni sababu ya kukimbilia maghorofa ya Posta wakati Bagamoyo iko mkoani mwenu. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa huko Bagamoyo ombeni ruhusa ya kuingia ndani, na kila kundi lipewe kazi moja tu, nayo ni kupima upana wa vyumba viwili au vitatu. Kwa kawaida vyumba vya nyumba hizi huwa virefu lakini vyembamba, upana ukizungukia mita 3, na wataanza kubishana kwa nini. Waache wabishane. Jibu liko juu ya vichwa vyao: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya namna hiyo haivuki nafasi kubwa zaidi bila kulegea. Mwenye nyumba angeweza kuwa na fedha kiasi gani, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti. Muda ukiruhusu, pitieni pia magofu ya Kaole, wakaone kuta za matumbawe na chokaa kwa karibu.

Mkadiriaji_Saiti

Naomba nitofautiane kidogo na mchangiaji aliyetangulia. Watoto wakipelekwa kwenye nyumba za kale peke yake watadhani usanifu ni sehemu ya somo la Historia. Wapelekeni saiti. Huko ndiko watakakoona ramani imebandikwa kwenye ukuta wa mabati, fundi akiisoma, mhandisi akikagua nondo kabla zege halijamwagwa, na mkadiriaji majenzi akieleza kwa nini dirisha ambalo msanifu analipenda litaongeza gharama. Tofauti ya kazi hizi ambayo mwalimu ameiulizia huonekana pale watu wanne wanapozungumzia ukuta mmoja.

Masharti yapo. Kila mtoto awe na kofia ngumu na viatu vya kufunika mguu, waingie kwa vikundi vya watu 10, na isiwe siku ya kumwaga zege. Barua itangulie, kwa sababu nimeshuhudia shule ikiishia getini, watoto wamesimama juani, baada ya mwalimu kuamini ahadi ya simu.

Mama_Wawili

Samahani, mimi ni mzazi tu. Mtoto akishavutiwa, masomo yenyewe ni miaka mingapi, na kazi zipo?

Mchora_Ramani

Mama, swali lako nalo liwemo kwenye ziara, na wanafunzi waelezwe ukweli. Shahada ya usanifu majengo ni miaka 5. Baada ya hapo mhitimu hufanya mafunzo ya vitendo chini ya msanifu aliyesajiliwa na kupita mitihani ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ndipo asajiliwe. Ajira haina uhakika, na vijana wengi huanza na ramani za nyumba za watu binafsi, ambako hushindana na ramani za kunakili zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Hata hivyo mlango huu una vyumba vingi ndani: mipango miji, usanifu wa mandhari, ubunifu wa ndani ya majengo, ukadiriaji majenzi. Anayependa kutengeneza samani anaweza kuanzia chuo cha ufundi stadi cha VETA.

Kijana_wa_Studio

Nimesoma usanifu. Mkienda chuoni, msikubali kukalishwa ukumbini kusikiliza sifa za kujiunga. Ombeni kuingia studio, yaani chumba wanamochorea wanafunzi wa usanifu, siku ambayo wanafunzi wanatetea kazi zao. Nakumbuka mwenzetu aliyechora zahanati ya kuvutia mno. Mhadhiri akamwomba aoneshe mahali ambapo machela ingekata kona kwenye ujia, na ikawa haikati. Kwa mtoto wa kidato cha tatu, dakika kumi za namna hiyo zinafaa kuliko hotuba ya saa nzima.

Mkiwa njiani, wasimulieni pia habari za Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa wasanifu majengo Afrika Mashariki, ambaye alisanifu Soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970. Nguzo zake zinapanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, na paa lilikusudiwa kukusanya maji ya mvua hadi kwenye tangi lililo chini. Kusimulia si lazima mfike. Maegesho ya Kariakoo mnayajua.

Mwalimu_Kibaha

Nashukuru sana. Naona wazi kwamba Bagamoyo, saiti na chuo haviwezi kuingia katika siku moja. Kama ni kuchagua, mngeanza na kipi?

Mkadiriaji_Saiti

Pamoja na niliyosema, kidato cha pili ningewapeleka Bagamoyo, kwa kuwa huko watapima bila kumzuia mtu kazi yake. Saiti na studio viachwe kwa kidato cha tatu, ambao wako karibu na tahasusi.

Kijana_wa_Studio

Naunga mkono. Barua ya chuo iandikwe mapema, itaje kidato, idadi, na ombi la kuona studio, si "kutembelea chuo" kwa ujumla, na iepuke wiki za mitihani ya mwisho wa muhula. Ombeni pia kwamba miongoni mwa watakaowapokea awepo msanifu mwanamke. Mzungumzaji asizidi dakika 20, na muda unaobaki uwe wa maswali ambayo wanafunzi wameyaandika wakiwa bado shuleni.