MJADALA: Kitambaa cha FFI cha mwaka 1944, tukivae au kibaki kabatini?

MLETA MADA

Wakuu za jioni. Mimi naishi Ufaransa, upande wa mashariki, na wikiendi huwa naigiza historia na wenzangu. Sisi tumechukua upande wa maquis, yaani wale waliokimbilia misituni na milimani kupambana na Mjerumani kwenye vita vya pili vya dunia. Sasa kikundi kimegawanyika nikaona nilete hapa, maana wengi wenu mmekulia kwenye mitumba, nguo mnaijua kwa kuishika tu. Kuna wenzetu wanataka kuanzia msimu ujao asiyekuwa na kitu orijino, walau kile kitambaa cha mkononi chenye herufi FFI (Forces Françaises de l'Intérieur, jeshi lililounganisha wapiganaji wa ndani ya Ufaransa) na msalaba wa Lorraine, ule wenye vipande viwili vya kukatiza uliokuwa alama ya Ufaransa huru, asishiriki. Mimi napinga kwa nguvu zote. Naona kitambaa orijino kisivaliwe kabisa, na nguo nyingine tuzishone upya au tutafute kuukuu za kawaida.

Kwanza watu hawajui hawa jamaa walivaa nini. Februari 1943 serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Mjerumani, ilitoa sheria ya kupeleka vijana kufanya kazi Ujerumani, ile STO, na vijana kibao wakatoroka na walichokuwa nacho mwilini, suruali ya kodrai ya shambani, koti la sufu la baba, sweta lenye viraka viwikoni. Viatu ndio kabisa, ngozi ilikuwa adimu mpaka mjini watu wakawa wanatembea na soli za mbao, ukipita barabarani ko ko ko. Mtu anakuja na bereti mpya, koti la ngozi linang'aa, bunduki ya Sten begani, anasema yeye ni maquis wa 1943. Huyo kavaa picha za Agosti 1944, siku ambazo miji imeshakombolewa na kila mtu katoka nje. Wafaransa wenyewe waliwapa jina wale maofisa waliotoa magwanda kabatini dakika za mwisho, waliwaita watu wa nafthalini, kwa sababu ya ile harufu.

Kuna waliokuwa na sare, sikatai. Wale wa mkoa wa Ain, Septemba 1943 walivamia ghala la Chantiers de la Jeunesse, kambi za vijana za Vichy, kule Artemare wakabeba nguo, halafu tarehe 11 Novemba wakaandamana katikati ya mji wa Oyonnax mchana kweupe, wanaongozwa na kamanda wao Romans-Petit, ili raia waone kwamba hili ni jeshi na sio majambazi. Ukitaka kuigiza siku hiyo igiza siku hiyo, usichanganye.

Pili, kile kitambaa sio pambo. Mkataba wa Hague wa 1907 unataka mpiganaji asiye wa jeshi la kawaida awe na alama inayoonekana kwa mbali, ndipo akikamatwa ahesabiwe mfungwa wa vita. Mjerumani hakujali, alikuwa anawapiga risasi kama kawaida, ila mtu alikivaa hivyo hivyo, anajua kabisa kinamfanya aonekane. Wewe leo unakilowesha jasho siku nzima kwenye uwanja wa maonyesho, jioni unakirusha kwenye begi na chupa za maji?

Tatu ni feki. Mwaka jana nilinunua kimoja kwa muuzaji ambaye simtaji, bei imenyooka, hadithi imenyooka, eti kimetoka kwa familia fulani. Nyumbani nikazima taa nikakimulika na tochi ile ya kukagulia noti, uzi wote wa pembeni ukawaka buluu, kama shati jeupe lililofuliwa na sabuni ya unga ya siku hizi. Nikavuta uzi mmoja nikauchoma. Pamba ingenuka karatasi na kuacha majivu laini, huu ukajikunja ukawa kidonge kigumu cheusi. Polyester hiyo. Sasa tukiweka sheria kwamba lazima orijino, tunawatengenezea hawa watu soko.

Karibuni, mnaonaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu heshima yako ila hapa nakukatalia. Kitu kikifungiwa kabatini kinaliwa na nondo, hakuna anayekiona na hakuna anayekiulizia. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa Burma, alirudi na kabuti lake la jeshi na hilo kabuti tumelivaa watoto wote wa ule mji, mvua ikinyesha unajifunika unaenda kuswaga ng'ombe. Ni kwa sababu ya lile kabuti tulikuwa tunamuuliza babu, hiki kitobo cha nini, hiki kifungo mbona tofauti, na yeye anaanza kusimulia. Lingekuwa kwenye kioo nani angeuliza? Hao watoto wa Kifaransa wanaokuja kwenye maonyesho yenu nao wana haki ya kugusa kitu cha kweli. Feki zipo kila mahali, dawa yake ni kujifunza kukagua kama ulivyofanya wewe.

MCHANGIAJI WA PILI

Samahanini kaka zangu, mimi ni fundi cherehani na nimeona mmeongelea bereti na bunduki tu, wanawake hamjawagusa. Kule kaskazini mwa Italia kulikuwa na wadada wabeba ujumbe, waliitwa staffette, baiskeli na kapu la mboga, risasi na barua ziko chini ya mboga. Nguo ya huyo ni gauni la kwendea sokoni, ikitoa alama yoyote amekwisha.

Lakini kilichonileta ni hili neno orijino. Wale majasusi wa SOE, idara ya siri ya Waingereza, waliorushwa na parachuti kuingia Ufaransa walishonewa nguo London kwa mkato wa Kifaransa, mpaka vifungo, uzi unapita mistari miwili sambamba na sio kukatizana kama Waingereza wanavyoshona. Kisha zinachakazwa zisionekane mpya. Kwa hiyo tangu siku ile ile ya vita nguo ilikuwa nakala, na maisha ya mtu yalitegemea ubora wa ile nakala. Naunga mkono mleta mada, fundi mzuri anatosha.

MLETA MADA

Dada umenipa kitu ambacho sikuwa nacho, hili nawapelekea kikaoni kama lilivyo.

Ndugu yangu wa kabuti, umenigusa na nakubali nusu. Lile kabuti ni la ukoo wenu, mwenyewe alikuwepo anawaangalia mkilivaa na anajibu maswali. Vitambaa vinavyouzwa huku mwenyewe hayupo na familia haijulikani, ukikichana umechana basi. Kuhusu watoto kugusa, waguse koti niliyoshona kwa sufu nzito, wavae, wasikie inavyowasha shingoni na ilivyo nzito ikilowa, hapo wataelewa usiku wa Desemba msituni ni nini.

Halafu kuna jambo sikulisema mwanzo. Nilipojiunga na kikundi mtu aliniambia, kwa upole tu, kwamba mweusi hakuwepo maquis. Yupo Addi Bâ, Mguinea, mwanajeshi wa tirailleurs, askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa, aliyetekwa 1940 akatoroka, akawa anafanya kazi za shamba kijiji cha Tollaincourt, na 1943 alikuwa kati ya walioanzisha maquis ya kwanza ya mkoa wa Vosges. Walimkamata, wakamtesa, wakampiga risasi mjini Épinal tarehe 18 Desemba 1943. Medali ya Resistance alipewa 2003, miaka 60 baadaye. Huyo ndiye ninayemuigiza mimi.

Sasa piga hesabu. FFI imeundwa Februari 1944, Addi Bâ keshazikwa. Hakuwahi kuvaa hicho kitambaa hata siku moja. Kwa sheria wanayoitaka wenzangu, yeye mwenyewe angefufuka leo akaja na nguo zake za shamba, angezuiwa getini.

Dada fundi, koti langu limebaki vifungo tu. Huo uzi wa sambamba unauzungushia shingo chini ya kifungo kama wa koti za siku hizi au unabana moja kwa moja kwenye kitambaa? Jumamosi nataka nivimalize.