Somo la ujasiriamali kwa ubia na chuo cha Uingereza: tuupokee mtaala wao?

Mhadhiri wa Kilimo: Ndugu zangu, kitivo chetu hapa Tanzania kinajadiliana na chuo kikuu cha Uingereza kuhusu kuanzisha somo la ujasiriamali kwa wanafunzi wote. Wenzetu wanapendekeza tutumie mtaala wao kama ulivyo. Je, inafaa?

Mkufunzi wa Biashara: Mwalimu, nakusihi msiupokee mzima. Kijana wetu huanza na mtaji wa ndugu au wa kikundi cha kuweka na kukopa, kisha hukutana na BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TRA (mamlaka ya mapato) na, akisindika vyakula, TBS (shirika la viwango). Mambo hayo hayamo katika vitabu vyao. Kinachofaa kuazimwa ni namna ya kufundisha, yaani mwanafunzi kuwasikiliza wateja sokoni kabla ya kuandika mpango wa biashara, na kupimwa kwa alichojaribu badala ya alichokariri.

Mtafiti: Naunga mkono. Programu ya British Council ya Innovation for African Universities, iliyoanza mwaka 2021, iliviunganisha vyuo vya Kenya, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini na vya Uingereza, pamoja na wadau wa ujasiriamali nje ya vyuo. Kwenu nyumbani, zungumzeni na SUGECO ya Morogoro, ushirika wa wahitimu wajasiriamali uliozaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Mkufunzi wa Biashara: Aidha, kabla ya kutia saini, mkataba utaje nani atamiliki bunifu za wanafunzi, na nani atawalipa wakufunzi ufadhili utakapokwisha.