Majestic ya Vuga: ipigwe paa jipya au tuiache ianguke?

MwanaVuga
Jana nimepita Vuga, hapa Unguja mjini, nikasimama mbele ya Majestic, sinema yetu ya zamani. Kwa nje bado ina haiba yake, lakini ukichungulia ndani na kutazama juu unaona mawingu, paa limekwenda. Nauliza: itengenezwe iwe sinema tena, ifanywe kitu chengine, au tukubali kwamba imekufa tuizike?

BintMalindi
Itengenezwe, tena jana! Mji Mkongwe ulikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique yetu ya Malindi, ambayo wazee wangu hadi leo wanaiita Sultana. Hata moja haionyeshi. ZIFF tangu 1998 wanatandaza skrini Ngome Kongwe, tamasha la filamu limepanga nyumba ya mizinga. Na Majestic si jengo la juzi, alilijenga Sinclair yule Mwingereza.

fundi_rili
Dada, Sinclair alijenga sinema ya Royal, kiwanja hicho hicho. Royal ikaungua 1954. Hii unayoiona ni ya 1955, na aliyeichora ni Dayalji Pitamber Sachania. Mwingereza tusimpe kisicho chake, alichukua vya kutosha.

Msasani255
Ndugu zetu wa visiwani mnapenda kulilia magofu. Huku Dar tulikuwa na Drive-in ya Msasani, uwanja mzima wa magari. Leo pale pamekaa ubalozi wa Marekani na hakuna aliyeweka matanga. Sinema iliuawa na kaseti za video, simu ikaja kumalizia kaburi. Mkishapiga paa, nani ataingia?

MuscatBaridi
Wewe wa Msasani hukuiona Majestic ya Sikukuu, ndiyo maana. Niko Oman miaka mingi lakini nikifumba macho naisikia ile harufu ya viluwa na asumini. Sisi tulikaa nyuma, viti vizuri, familia nzima tumevaa. Mbele kabisa ndiyo walikuwa wale wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, shingo juu kama kuku wanaokunywa maji, hahaha. Raha ilioje!

mtoto_wa_Miembeni
Ngoja kwanza. Kuku?

mtoto_wa_Miembeni
Yakhe, babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipeleka marili ya filamu kwa baskeli. Filamu kopi moja, sinema mbili. Rili likimaliza Majestic analipakia, mbio mpaka Empire, anarudi kulifuata jengine. Akichelewa ukumbi mzima miluzi. Bila ya huyo kuku wa Ng'ambo, Raj Kapoor wako wa filamu za Kihindi ungemuona nusu, angekufia katikati ya wimbo.

MuscatBaridi
Kijana wangu, sikutukana mtu. Nimesema ilivyokuwa. Tiketi zilikuwa na madaraja, sikuyapanga mimi.

mtoto_wa_Miembeni
Ilivyokuwa kwa aliyekaa nyuma, mzee. Aliyekaa nyuma anaona skrini na anaona visogo vya wenzake. Aliye mbele haoni anayemcheka. Na mambo hayo hayo ya viti ndiyo yaliyotufikisha tulikofika, ila tusiingie huko.

MuscatBaridi
Umeshaingia. Na mimi sikuondoka kwa kupenda.

BintMalindi
Jamani! Mnagombania safu za wanaume. Bibi yangu hakukaa mbele wala nyuma, yeye alikuwa akienda maonyesho ya wanawake peke yao. Wakitoka pale wiki nzima ni nyimbo za Kihindi jikoni, maneno wanayatia wenyewe. Taarabu ngapi zina sauti za sinema zile? Sasa na hao mtawaita kuku?

Ngara_Boy
Niwapitie kidogo kutoka Nairobi. Shan ya hapa Ngara pia ilikuwa ya filamu za Kihindi, ikachoka kabisa. Siku hizi ni Sarakasi Dome, watu wanafanya sarakasi, densi na muziki. Haikurudi kuwa sinema lakini jengo liko, na vijana wanapata kazi. Si lazima mrudishe Raj Kapoor.

Msasani255
Ndicho ninachosema mimi!

fundi_rili
Hapana, wewe ulisema tuache kulia. Huyu amesema jengo lipewe kazi. Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la Forodhani, nayo tulikuwa tukiijadili hivi hivi, huyu hiki na yule kile, Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka na watu wawili wakafa. Ukuta usio na paa unakunywa kila masika. Mimi hata wakiweka maktaba, hata wakiweka ukumbi wa harusi wenye makochi ya dhahabu, roho yangu inaniuma lakini nitanyamaza. Paa kwanza.

BintMalindi
Harusi hapana. Mziki ule wa harusi za siku hizi utamalizia kuta zilizobaki.

Msasani255
Sasa hapo ndipo mnaponishangaza. Mnataka jengo lipone, mnachagua na mganga.

mtoto_wa_Miembeni
Mimi nakubali lolote kwa sharti moja. Ikifunguliwa, viti vyote bei moja.

MuscatBaridi
Bei moja itatoa wapi pesa ya paa? Nitachangia mimi na wenzangu huku, lakini usinipangie pa kukaa.

mtoto_wa_Miembeni
Changia. Nitakuwekea safu ya mbele kabisa.

MwanaVuga
Mimi niliuliza habari ya paa.

MuscatBaridi
Miembeni nyumba gani, kijana? Huyo babu yako wa baskeli, hakuwa na kengele mbili kwenye usukani?

mtoto_wa_Miembeni
Mbili, ndiyo. Umejuaje?