Mrejesho: akropora ya bluu iliyogeuka kahawia

Asanteni sana wakuu kwa majibu. Swali lilikuwa: kwa nini akropora ya bluu (tumbawe lenye matawi) kwenye tanki la lita 200 iligeuka kahawia ilhali vipimo vya maji viko sawa?

Tatizo lilikuwa mwanga hafifu. Kipima PAR (kiasi cha mwanga unaotumika kwa usanisinuru) kilisoma 110 pale ilipokaa, wakati akropora inataka kama 250 hadi 350. Mwanga ukipungua, mwani mdogo mdogo ulio ndani ya nyama ya tumbawe huongeza rangi yake ya kunasa mwanga, na kahawia hiyo ndiyo inayofunika bluu.

Taa ya LED imepandishwa kutoka asilimia 30 hadi 75, asilimia 5 tu kila wiki, kwa wiki tisa. Msipandishe kwa mkupuo: tumbawe huutema mwani wake likabaki jeupe. Chaneli za bluu ziwe juu, nyeupe chini. Mwanga wa nanomita 420 hadi 460 ndio unaozifanya protini za rangi zing'ae.

Wiki ya sita nitrati, kirutubisho cha mwani huo, ilifika 0 na nyama ikaanza kupauka. Samaki wakaongezewa chakula, nitrati ikarudi 5 mg/l, kupauka kukakoma. (Ncha nyeupe peke yake si ugonjwa, hapo ndipo tumbawe linapokua.)

Sasa PAR ni 270. Matawi ya juu ni bluu kabisa, ncha zina zambarau. Kahawia imebaki upande wa chini tu, kwenye kivuli cha jiwe.